Rangi Shingoni mwa Tessa

Mesa, Arizona
11 Oktoba 1998

Mwanangu Maren,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, baba yako akiwa ameanza kutembea bila ile fimbo anayoiita mke wa pili. Kama theluji imeshaanguka huko Vesterdal, usinieleze, nitalia. Huku mwezi wa kumi na watu bado wanatembea na kaptula, wazee wenzangu wenye magoti kama viazi vilivyochipua. Mapafu yangu yanapenda hewa hii kavu. Mimi mwenyewe siipendi, lakini hawakuniuliza. Jirani yangu ananiletea machungwa kutoka kwenye mti wake kila wiki, na kila wiki ananieleza upya kwamba ni ya mti wake. Msalimie mama yako na umwambie matango yake ya siki yalifika bila kuvunjika chupa.

Sasa nikuulize jambo. Ardis Ruud ameniandikia. Anasema mjukuu wake Tessa amerudi kutoka shuleni na kadi ya njano imening'inia shingoni, na kwamba kadi hiyo ndiyo inayosema ni kitabu gani anaruhusiwa kuazima. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili, kisha nikaiweka barua chini ya kikombe kana kwamba itaruka.

Wewe unajua niliishi katika maktaba ile ya shule ya kati tangu nikiwa na nywele nyeusi mpaka wakanipa saa ya ukutani na keki, nikastaafu na dawati nikakuachia wewe. Naijua kama ninavyoijua jikoni kwangu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaingia kwa sababu nje kuna baridi, au kwa sababu anamkwepa mvulana fulani, au kwa sababu mwalimu wa hesabu amemchosha. Anazungukazunguka. Anashika hiki, anakirudisha mahali pasipo pake, anashika kile. Siku moja anaondoka na kimoja. Kazi ya mkutubi ni kuacha mlango wazi, kupanga upya vilivyorudishwa ovyo, na kutouliza maswali mengi. Huduma yote imo humo. Mengine ni mapambo.

Niandikie kwamba Ardis amezeeka na haelewi alichokiona.

Shangazi yako,
Arlys


Vesterdal, Minnesota
22 Novemba 1998

Shangazi mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote, na samahani kwa kuchelewa. Hapa ni shughuli juu ya shughuli. Baba ameacha fimbo lakini hajaacha kulalamika. Mama anakushukuru kwa kadi ya salamu. Theluji tunayo, ila hukutaka kusikia.

Karamu ya kanisa ya samaki waliolowekwa magadi ilikwenda vizuri. Watu walikuja kutoka miji mitatu, na harufu bado imo katika koti langu. Mchungaji alikula sahani mbili, akasema siyo mbaya, na wewe unajua kwa watu wetu hiyo ni sifa ya kutosha kuandikwa kwenye kaburi.

Maktaba tumepata zulia jipya, rangi ya majivu, halionyeshi uchafu wa viatu. Tumepata kompyuta nne. Meza ndefu tumeisogeza dirishani, na wanaokuja kabla ya kengele ya asubuhi wanaipigania kwa sababu bomba la joto liko hapo. Alhamisi jioni bado tunafungua kwa ajili ya wakubwa kama ulivyoanzisha wewe, maana mji hauna maktaba nyingine. Bwana Orvin Stadheim, ambaye sasa ni mwenyekiti wa bodi ya shule, bado anachukua riwaya zake za wachunga ng'ombe na bastola, zilezile, kwa mzunguko. Bernice mkewe bado anachukua za mapenzi na kuzificha chini ya kitabu cha kufuma.

Kuhusu zile kadi, ni mpango mpya wa mwalimu mkuu, Bwana Pruett. Una mazuri yake.

Wako,
Maren


Mesa, Arizona
1 Desemba 1998

Maren,

Nimefurahi kwa habari ya baba yako. Machungwa yanaendelea.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya zulia na mstari mmoja juu ya kadi. Nilikufundisha kusoma, mwanangu, na kusoma ni pamoja na kuona pale mwandishi alipopita mbio.

Ardis ameniandikia tena, na sasa nimeuelewa mpango. Watoto wanakalishwa mbele ya kompyuta, wanapewa mtihani, wanatoka na rangi. Njano ndio wa chini kabisa, halafu kijani, halafu buluu, halafu nyekundu. Vitabu navyo vimebandikwa nukta za rangi mgongoni. Wa njano achukue njano. Akigusa rangi nyingine, ya juu au ya chini, kompyuta inakataa.

Nimechefukwa. Sitatafuta neno la adabu zaidi. Umri huo mtoto anaona aibu hata ya masikio yake mwenyewe. Anaficha viatu, anaficha chakula alichofungiwa na mama yake. Ninyi mmechukua kitu kimoja ambacho angeweza kukificha, kwamba anasoma polepole, mkakitia rangi ya yai na kumvika shingoni apite nacho kwenye korido. Mbwa wa mjini anavaa kibati shingoni ili akipotea arudishwe kwao. Hawa mnawarudisha wapi?

Nina swali moja tu na nataka lijibiwe. Ardis anasema Tessa alikuja kwako kutafuta kitabu na akarudi mikono mitupu. Alitaka kitabu gani, na wewe ulimwambia nini?

Shangazi


Vesterdal, Minnesota
31 Januari 1999

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya, ingawa mwaka wenyewe umeshazeeka mwezi mzima. Sote wazima. Gari la baba liliganda wiki ya Epifania na akalisemesha maneno ambayo mama alisema hayajui.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Tessa alitaka kile kitabu kinene cha kuzalisha ng'ombe, chenye picha za ndama tumboni. Ulikinunua wewe. Baba yake siku hizi anaendesha lori na hayupo wiki nzima, kwa hiyo zizi ni la Tessa, mama yake na Ardis. Msimu wa mavuno ndama alitanguliza miguu ya nyuma, na Tessa ndiye aliyekuwa zizini peke yake. Alivuta. Alivuta vibaya. Ndama alikufa mikononi mwake, na ng'ombe mwingine alikuwa azae kabla ya Pasaka.

Kitabu kina nukta nyekundu, kwa sababu ya majina ya magonjwa. Kompyuta ikakataa. Nikamwambia, "Hiki si cha rangi yako, mpenzi. Mbona kuna vizuri vingi tu kwenye rafu ya njano?"

Akasema, "Kuna cha ng'ombe?"

Kilikuwepo kimoja. Ng'ombe anayecheza tarumbeta. Nilimwonyesha, Shangazi. Nilikitoa rafuni nikamwonyesha.

Waliokuwa kwenye foleni nyuma yake wakaanza kulia kama ng'ombe, mmoja kwanza, kisha wote. "Mooo! Njano, mooo!" Tessa hakulia wala hakugombana. Akauliza kama anaweza kukisoma akiwa amesimama palepale, bila kukiazima. Nikamruhusu. Alisoma akiwa amesimama siku kadhaa, kidole kikifuata mstari, mpaka Bwana Pruett alipopita na kusema kwamba kusoma ni kusoma, kukaa au kusimama, na mtoto asibebeshwe mzigo usio wake. Tangu siku hiyo haji.

Utaniuliza ilianzaje. Bwana Pruett alitueleza mpango katika mkutano wa Agosti, walimu na bodi pamoja. Alipomaliza akauliza, "Kuna anayepinga?" Sote tukaangalia ndani ya vikombe vya kahawa. Mwalimu wa sayansi akakohoa. Bernice Stadheim, ambaye naye ni mjumbe wa bodi, akasema biskuti ni nzuri, nani ameoka. Bwana Pruett si mtu wa huku. Kwao mtu asiyetaka husema hataki. Akaandika kwamba wote wamekubali, akatushukuru kwa moyo mmoja, na tukampigia makofi.

Baadaye kwenye maegesho niligundua kwamba hakuna hata mmoja aliyeutaka. Lakini mtu alikuwa ameshashukuru. Ungeanzaje?

Maren


Mesa, Arizona
9 Februari 1999

Maren,

Waambie wazazi wako nawaombea. Sina nafasi ya zaidi, kwa maana nimesoma barua yako nikaiacha kahawa ipoe.

Ng'ombe wa tarumbeta! Binti wa watu ametoka kuzika ndama, anakuomba maarifa, wewe unampa tarumbeta.

Nieleze jambo ambalo labda sikukufundisha wakati ule nilipokuwa nikikukalisha nyuma ya dawati langu. Watu hudhani kitabu kigumu humshinda msomaji dhaifu. Si kweli. Nimeona mvulana aliyeshindwa kusoma menyu ya chakula akisoma kitabu cha injini ya trekta mpaka mwisho, kwa sababu trekta lilikuwa limeharibika na baba yake alikuwa mkali. Haja ndiyo inayosoma. Macho yanafuata tu. Msomaji mwenye haja hurudia mstari mara tano, huangalia picha, huuliza neno. Ukimpokonya kile anachokihitaji ukampa kile anachokiweza, humfundishi kusoma. Unamfundisha kwamba vitabu havina habari naye.

Na hiyo adabu yetu! Nimeikimbia kwa sababu ya mapafu, lakini sasa naona ningeikimbia hata kwa miguu. Mji mzima unafunika kombe mwanaharamu apite, na huyu mwanaharamu hapiti, amekaa, amevuta kiti, anaomba biskuti ya pili. Tunaiita upole. Sasa upole huo umepita juu ya shingo ya mtoto na mimi naona ni uchafu, kama ule wa kwenye bomba la sinki ambao kila mtu anaunusa na kila mtu anasubiri mwingine autoe.

Halafu nieleze hili: Alhamisi jioni, wakubwa nao wanavaa kadi? Au aibu ni ya walio chini ya urefu fulani?

Shangazi


Vesterdal, Minnesota
14 Machi 1999

Shangazi,

Habari za hapa ni njema, na safari hii nina haraka ya kufika kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo chukulia kwamba kila mtu amekusalimu.

Swali lako la mwisho lilinikaa kama mwiba wa samaki. Nikaenda kusoma kanuni. Inasema "kila mwazimaji". Haikusema mtoto. Basi Alhamisi iliyofuata nikaziwasha kompyuta zote nne na kusimama mlangoni.

Wa kwanza alikuwa Bwana Orvin. "Maren, mama, nipe bastola zangu nikalale."

"Kwanza ukae pale, Bwana Orvin. Kuna mtihani mfupi."

"Mtihani wa nini? Nilimaliza shule kabla hujazaliwa!"

"Kila mwazimaji. Umesaini wewe mwenyewe."

Wangekuwa watu wa mji mwingine wangeniambia nitoke njiani. Wetu walisema, "Ah, haya basi," wakavua makoti, wakapanga foleni. Bwana Orvin alikuwa ameacha miwani nyumbani na hakutaka kukiri. Akatoka na kijani. Bernice akatoka na nyekundu, na kompyuta ikamnyima za mapenzi zote kwa kuwa ni za njano.

"Yaani nimezidi akili kiasi cha kukosa kupendwa?" akauliza Bernice.

"Wewe uliolewa na kijani," akasema Clarence Moe kutoka nyuma, yule kapera anayefuga kuku. "Ulishakosa zamani."

Maktaba nzima ilicheka, isipokuwa Bwana Orvin. Alisimama pale na kadi yake ya kijani shingoni, akiigeuzageuza kama kitu alichokikanyaga. Niliona uso wake ukipanda wekundu mpaka kwenye upara. Nikajisemea, ameonja. Sasa ataelewa.

Bodi ikakutana wiki iliyofuata. Bwana Orvin akasema watu wazima wana heshima yao. Akapendekeza kwamba wakubwa wasamehewe kadi. Wote wakakubali. Nikasubiri watoto watajwe. Hawakutajwa. Bernice akasema watoto watazoea, wao wana ngozi laini, inapona upesi. Kisha wakahamia kwenye suala la paa.

Nilirudi nyumbani nikanawa mikono mara mbili na sijui kwa nini.

Lakini sikiliza kilichofuata. Alhamisi hii Ardis alikuja, na koti lake la kanisani. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Nipe kile cha kuzalisha ng'ombe."

Nikasema, "Ardis, umezalisha ng'ombe tangu enzi za babu."

"Nimesahau," akasema. "Uzee."

Nyuma yake Clarence Moe: ameanza kupenda mpira wa kikapu wa wasichana. Mchungaji: ghafla ana shauku ya mazimwi yanayokula watu. Mke wa mwalimu wa sayansi: historia ya manowari. Walisimama kwenye foleni na nyuso kavu kama mbao, kila mmoja na ombi la mtoto fulani mdomoni, na hakuna aliyesema neno. Nami nikapiga mihuri na uso mkavu vilevile. Sijawahi kuupenda mji huu kama nilivyoupenda jioni ile.

Nadhani tumeshinda, Shangazi.

Maren


Mesa, Arizona
23 Machi 1999

Maren,

Niko mzima. Nilicheka kwa Bernice na Clarence mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikafika kwenye ushindi wako, na kicheko kikaisha.

Kwa hiyo sasa Tessa analetewa kitabu chini ya koti la bibi yake, kama pombe enzi za marufuku. Na asubuhi anavaa njano yake anakwenda shule. Na mtoto ambaye hana bibi? Ambaye bibi yake hasomi, au baba yake hataki kuonekana kwenye foleni? Huyo anafanyaje?

Sikatai kwamba mmekuwa wema. Wema wa aina hiyo naujua, nililelewa nao. Ni ule wa kumpelekea jirani chakula cha moto baada ya kumwona mumewe akimpiga na kugeuza uso. Chakula ni kitamu. Bado nakitema.

Aliyemwambia Tessa kwamba kitabu si chake si Orvin, na si Pruett. Ni mkutubi, kwenye dawati lake, mbele ya watoto waliolia kama ng'ombe. Mchungaji na mazimwi yake hawezi kulifuta hilo. Kuna mdomo mmoja tu unaoweza, nao upo usoni mwako. Haikupasi kuwa hodari, Maren. Inakupasa tu kusema hapana kwa sauti ambayo mtu wa nje ya mji anaweza kuielewa.

Utapoteza kazi? Labda. Sitakudanganya.

Shangazi


Vesterdal, Minnesota
18 Aprili 1999

Shangazi Arlys,

Barafu ya ziwani imevunjika. Baba alikisia siku ya kuvunjika na akakosea, amenuna. Mama mzima. Mimi pia, nadhani.

Barua yako ilinikasirisha. Niliitupa jikoni kwenye pipa, kisha nikaitoa na kufuta maganda ya viazi.

Jumatatu darasa la Tessa lilikuwa na kipindi chao cha maktaba. Wanaingia kwa mstari siku hizi, njano mbele ili wafike kwenye rafu yao bila kupita nyingine. Nilikuwa nimeuona kila wiki. Siku ile sikuweza kuendelea kuutazama, ule mstari, zile shingo ndogo. Nikasema, "Tessa Ruud, njoo hapa dawatini."

Akaja kama mtu anayeitwa kuadhibiwa. Wenzake wakageuka wakingojea burudani. Nikamwambia, "Mwaka jana ulikuja kutafuta kitabu na nilikwambia si chako. Nilikosea. Hakuna kitabu humu ndani ambacho si chako. Vua hiyo kadi. Na ninyi wote, vueni."

Hakuna aliyesogea. Watoto wetu ni watu wa huku. Mvulana mmoja akauliza, "Bwana Pruett anajua?"

"Atajua sasa hivi," nikasema. Nikachukua simu ya mezani, mbele yao, nikampigia ofisini. Nikamwambia sitaazimisha tena kwa rangi, wala sitabandika nukta nyingine, na kwamba niliupinga mpango tangu Agosti.

Akauliza, na kweli alishangaa maskini, "Kama ulipinga, kwa nini hukusema?"

Nikasema, "Nasema sasa. Hapana."

Akaniambia niende ofisini kengele ikilia, na kwamba tutazungumza juu ya mkataba wa mwaka ujao. Bodi itaamua Mei. Sitarajii mtu wa kunitetea kwa sauti. Pengine wataniletea viazi na nyama vya kuoka.

Nilipoweka simu chini Tessa alikuwa bado amesimama mbele yangu, kadi mkononi.

"Kile cha ng'ombe?" nikamwuliza. "Nikikuandikia sasa, kwa jina lako?"

"Bibi alikileta," akasema. "Nimeshakimaliza. Ndama alitoka vizuri. Ana kelele."

"Basi unataka kipi?"

Akaangalia rafu, akaangalia mlango, akaniangalia mimi kuona kama kuna mtego. "Naweza kutazama tu?"

"Tazama."

Akaanza na rafu ya nyota, akahamia mashairi, akachuchumaa mahali pa pikipiki. Alishika kimoja, akakirudisha mahali pasipo pake. Akashika kingine. Taratibu wengine nao wakaanza kutoka vitini, kadi zimeachwa mezani, na hakuna aliyelia kama ng'ombe. Mimi nilibaki nyuma ya dawati na kuziba mdomo wangu, kwa maana nilikuwa na mapendekezo mengi.

Kengele ikalia. Tessa akapita mbele yangu mikono mitupu.

"Hukupata?" nikauliza.

"Vipo vingi," akasema. "Nitarudi kesho."

Maren